Kima, Papa na Mkuyu: Niliyojifunza Nikiwachagulia Watoto Vitabu

Nafundisha Kiswahili katika shule ya msingi wilayani Muheza, mkoani Tanga, na maktaba ya shule iko mikononi mwangu. Ni chumba kilichokuwa stoo: rafu za mbao, mikeka, na vitabu vya ziada vilivyopatikana kwa njia mbalimbali. Vingine tulinunua kwa fedha ya ruzuku, vingine tuliletewa na wafadhili, vingine nimevichapa kutoka mtandaoni nikavipiga pini. Watoto wanaingia darasa kwa darasa, na kila mmoja anataka kutoka na kitabu.

Watoto hao hawafanani. Wapo Wabondei, wenyeji wa hapa. Wapo Wasambaa ambao wazee wao waliteremka kutoka milimani, na Wadigo wa upande wa pwani. Halafu wapo wajukuu na vitukuu wa manamba, watu waliokuja kukata mkonge baada ya Mjerumani Richard Hindorf kuleta miche yake Tanga mwaka 1893 na mashamba kuenea. Wamakonde, Waha, Wangoni, Wanyamwezi, wote wamo kwenye rejista yangu. Mtu akiniambia nichague vitabu vya "utamaduni wetu", namuuliza kwanza anamfikiria mtoto yupi.

Usomaji wao nao haufanani. Tangu mwaka 2015 darasa la kwanza na la pili wanafuata mtaala wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na wengi wanafika darasa la tatu wameshika. Wengine bado. Katika darasa la tano moja ninaye anayemaliza kitabu kinene kwa wiki, na ninaye anayeburuta kidole chini ya kila silabi. Watafiti wa mradi wa Uwezo, walioanza mwaka 2010 kuwapima watoto wa Tanzania jinsi wanavyosoma, wana ngazi zao rahisi: silabi, neno, aya, hadithi. Nimezichukua kama zilivyo kwa sababu zinanitosha.

Ukipanga vitabu vya Kiswahili kwa ngazi hizo utaona jambo ambalo linaniudhi hadi leo. Vitabu vingi vya ngazi za chini ni vitupu. Mpira, paka, kikombe, Juma anaruka. Hakuna anayemtania mwenzake, hakuna bibi anayesuta, hakuna deni, hakuna msiba, hakuna mnyonge anayemzidi maarifa mwenye nguvu. Mambo yote hayo yamewekwa kwenye vitabu virefu, kwa wasomaji hodari. Mtoto ambaye ulimi wake bado mzito kwenye maandishi anapewa kitabu kisicho na mtu ndani, kisha tunamwambia mzazi wake kwamba mtoto hapendi kusoma.

Nilikuwa na kijana wa darasa la tano, mrefu kuliko wenzake, aliyekuwa anasoma kwa ngazi ya neno. Msimu wa machungwa ukifika, siku za mwisho wa wiki anakuwa shambani kwa mjomba wake. Anahesabu matenga, anabishana na madalali wanaotoka Dar es Salaam, na hadanganyiki hata senti. Kitabu cha ngazi yake pale rafuni kilikuwa na bata wa njano kwenye jalada. Alikigeuza, jalada likatazama mkeka ili wenzake wasilione, akakaa nacho hivyo mpaka kengele ikalia. Sikumsemesha. Nyumbani nikamwandikia kisa cha Abunuwasi, kile cha sufuria iliyozaa na baadaye ikafa, kwa sentensi fupi fupi na herufi za ukubwa wa kawaida, karatasi chache nilizokunja katikati. Kisa hicho ni cha biashara. Mwenye sufuria anakubali kwamba sufuria yake imezaa kwa kuwa kuna faida, na siku anapoambiwa imekufa hana tena pa kushika. Kijana wa madalali alikielewa kuliko nilivyokielewa mimi nilipokuwa na umri wake. Alisoma taratibu, kidole kikitembea, lakini alicheka mahali penye kuchekesha kabla sijamuuliza chochote. Alipomaliza aliuliza kama kipo kingine.

Tangu hapo nachagua kwa namna hii: umri na maisha ya mtoto ndiyo yanayochagua kisa, na usomaji wake ndio unaochagua sentensi. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na kila nikiona orodha ya vitabu iliyoyachanganya najua kuna watoto watakaobaki nje.

Sentensi nazo zina mambo yake. Ngazi nyingi zilizopigwa chapa nyuma ya vitabu zimeigwa kwenye Kiingereza, ambako huhesabiwa maneno kwa kila ukurasa. Kwetu hesabu hiyo inapotosha. "Aliyemnunulia" ni neno moja, lakini lina silabi nane, na ndani yake yumo aliyetenda, umo wakati, kimo kirejeshi, yumo aliyetendewa. Mtoto wa ngazi ya neno akilikuta, anafika mwisho wake ameshasahau mwanzo. Ukurasa wa maneno kumi ya namna hiyo unamchosha kuliko ukurasa wa maneno ishirini yaliyopangwa hivi: "Baba alinunua samaki. Alimpa mama. Mama alifurahi." Kwa hiyo nikikishika kitabu kipya natazama vitenzi kwanza, jinsi vilivyobeba viambishi. Kisha natazama konsonanti zilizofuatana: ng', nyw, mbw, chw. "Mbwa" ni neno fupi, na bado mtoto wa darasa la kwanza anagota hapohapo. Kitabu chenye mbwa, ng'ombe na nywele kwenye ukurasa mmoja si cha kuanzia, hata kama mchapishaji amekiandikia ngazi ya kwanza.

Kuna na mtego mwingine, nao ni mkubwa zaidi. Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa. Mtoto akishazijua silabi anaweza kukusomea ukurasa mzima wa gazeti kwa sauti safi, na asijue umezungumzia nini. Walimu wengi wanakijua kile kipimo cha vidole: mtoto anakunja kidole kwa kila neno linalomshinda kusoma, vidole vitano vikiisha kitabu ni kigumu. Mimi ninamwambia akunje kidole kwa neno analoweza kulisoma lakini hawezi kunieleza ni nini. Halafu nafunga kitabu na kumwomba anisimulie ukurasa ule. Ni kazi ya dakika mbili, na mara nyingi inanionyesha kwamba msomaji niliyemdhani wa ngazi ya hadithi yuko ngazi ya aya.

Hadithi ninayoitumia kuliko zote ni ya Kima na Papa. Wengi mnaijua: Kima anakaa kwenye mkuyu unaoinamia baharini, anamtupia Papa kuyu, wanakuwa marafiki. Siku moja Papa anamkaribisha kwao, anampakia mgongoni, na katikati ya maji anamfichulia kwamba sultani wao anaumwa na dawa yake ni moyo wa kima. Imeandikwa zamani. Edward Steere wa UMCA, aliyekuja kuwa askofu Zanzibar, na ambaye chama chake cha wamisionari ndicho kilichojenga misheni ya Magila hapahapa Muheza, aliipata Unguja akaichapisha London mwaka 1870 pamoja na hadithi nyingine za Waswahili. Uhindini kisa hichohicho kimesimuliwa tangu kale kwa nyani na mamba. Kuna wazazi na hata walimu wanaotaka vitabu vya utamaduni usiochanganyika na kitu. Pwani hii haikujengwa hivyo. Abunuwasi mwenyewe jina lake ni la mshairi wa Baghdad, na bado hakuna mtoto wa Tanga atakayekubali ukimwambia Abunuwasi si wa kwao.

Hadithi hiyo nimeiandika mara tatu. Mtoto wa ngazi ya neno anasoma hivi:

"Papa alisema, 'Nataka moyo wako.' Kima alisema, 'Moyo wangu uko juu ya mti. Rudi. Nitauleta.' Papa alirudi. Kima alipanda juu. Kima alikaa kimya."

Wa ngazi ya aya anasoma hivi:

"Kima alisikia baridi mwilini, lakini uso wake haukubadilika. Akasema, 'Rafiki yangu, mbona hukuniambia mapema? Sisi kima tukisafiri huacha mioyo yetu mtini. Nirudishe haraka nikauchukue, sultani asije akafa.' Papa akafurahi sana. Akageuka, akaogelea kwa nguvu kuelekea pwani."

Wa ngazi ya hadithi anasoma kisa kizima pamoja na kile kilichomo ndani yake, cha punda wa dobi asiye na moyo wala masikio, ambacho Kima anamsimulia Papa kutoka juu ya mti kumweleza kwa nini hatarudi tena.

Faida yake inaonekana watoto wakikaa duara baada ya kusoma. Aliyesoma mistari saba na aliyesoma kurasa kumi na mbili wana jambo moja la kuzungumza, na hakuna anayejua kwa hakika mwenzake amesoma toleo lipi. Wanabishana. Papa ni msaliti, au ni mtu aliyetii sultani wake mgonjwa? Kima amesema uongo, je, uongo wa namna hiyo ni dhambi? Mmoja wa watoto walionyamaza mwaka mzima ndiye aliyesema kwamba Papa alikosea kwa kusema ukweli akiwa bado hajafika. Katika duara hilohilo binti mmoja ambaye kwao ni kando ya mto Zigi alikataa kabisa habari ya papa. Bibi yake husimulia kwa mamba. Nilimwomba amsihi bibi aje. Bibi akaja, akakataa kiti akakaa mkekani, akaanza, "Paukwa!" Darasa zima likaitika, "Pakawa!" Hadithi yake ilikuwa na mto, mamba na mkwe mgonjwa badala ya sultani, na nyimbo ndani yake ambazo hazimo katika kitabu chochote nilichonacho. Watoto wa darasa la sita waliiandika. Toleo hilo sasa liko rafuni pamoja na mengine, na ndilo linaloazimwa zaidi.

Kuhusu picha, watoto wenyewe ndio walionifundisha kutazama. Tuliletewa kitabu kizuri, karatasi za kung'aa, kuhusu mama anayepika wali wa nazi. Katika picha mama amekaa kwenye kiti, ameshika kibao cha mbuzi kwa mkono mmoja na kifuu kwa mkono mwingine, anakuna hewani. Darasa la pili walikisitisha kitabu palepale. "Mwalimu, mbuzi inakaliwa!" Mmoja alitoka mbele akachuchumaa kuonyesha jinsi ya kukaa juu ya ule ubao, meno ya chuma yakiwa mbele na sahani chini yake. Katika kitabu kingine wanawake wote wamejifunga kanga, na hakuna kanga hata moja yenye jina. Wasichana wanatafuta jina kwanza, kabla ya ua na rangi. Na mara nyingi, hasa katika vitabu vilivyotafsiriwa, mjukuu anaamka na kumwambia bibi yake "Habari za asubuhi" bila shikamoo. Watoto wanasimama hapo wakitazamana, na bibi wa kitabuni anakosa marahaba yake. Mwandishi anayejua nyumba za huku hawezi kuandika hivyo hata akiwa usingizini. Kwa hiyo nikitaka kujua kama kitabu kina utamaduni ndani yake, ngoma na ngao za kwenye jalada hazinisaidii. Natafuta mahali wanaposalimiana, wanapokula, wanapogombana na kupatanishwa, na nani anaruhusiwa kumkatiza nani.

Vipo vya asili yetu kabisa ambavyo sivipokei. Hadithi ambayo ajuza mwenye macho mekundu ni mchawi kwa sababu tu ya macho yake haikai katika maktaba yangu. Katika nchi hii vikongwe wameuawa kwa tuhuma hiyo, na macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi jikoni. Vilevile sichukui kitabu ambacho mtu mwenye ulemavu wa ngozi ni mkosi au kioja. Zimwi ninampokea, na ninataka abaki zimwi. Siku hizi kuna vitabu vinavyomfanya rafiki mpole wa watoto, na watoto wanavirudisha mapema. Wadogo wanamsoma mchana, wamekaa pamoja, mtu mzima yupo.

Na kuna namna ya kumtaja mtu wa kabila fulani ambayo ni dharau iliyovaa nguo ya utani. Ninaye mtoto wa Kimakonde ambaye babu yake alikata mkonge. Katika kitabu kimoja Mmakonde pekee aliyetajwa ni wa kuchekwa kwa chale zake. Nilikiondoa. Mahali pake niliandika kile kisa cha Wamakonde cha mtu wa kwanza, aliyekaa peke yake, akachonga umbo la mwanamke kwa mti, akalilaza nje usiku, na alfajiri likawa mtu hai. Yule mtoto alikuwa anakijua tayari kutoka kwa babu yake, na alinisahihisha sehemu mbili mbele ya darasa. Nilirekebisha nakala kama alivyosema.

Kwa shule isiyo na fedha, mtandao umesaidia sana. African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini mwaka 2014, una hadithi nyingi za Kiswahili zenye leseni huria na zimepangwa katika ngazi tano. StoryWeaver wa Pratham Books ya Uhindi ulifuata mwaka 2015, wenye ngazi nne. Leseni inaruhusu kuchapa na hata kubadilisha, na hapo ndipo penye thamani yake kwangu: naweza kukata vitenzi virefu, kuongeza shikamoo, kuweka mihogo palipoandikwa chakula nisichokijua. Lakini sichapi kabla ya kusoma kwa sauti. Tafsiri nyingine zimefanywa na mtu aliyefuata Kiingereza neno kwa neno, na sikio linalisikia hilo kabla ya jicho. Hadithi zilizoandikwa moja kwa moja kwa Kiswahili, au kwa lugha nyingine za Kiafrika kwanza, mara nyingi zina mwendo mzuri zaidi.

Nimewazungumzia sana wanaosoma kwa shida. Wanaosoma haraka nao wana taabu yao, ila haionekani. Ninaye binti wa darasa la tatu anayesoma chochote. Walimu wenzangu wanampa vitabu vya wakubwa, na yeye anavimaliza, kwa sababu silabi hazimshindi. Ukimwomba asimulie, anakupa matukio tu. Wivu wa mke mwenza au aibu ya mtu aliyefilisika bado havijamfikia. Yeye namtafutia kilicho kirefu na kigumu kwa lugha, lakini cha umri wake kwa moyo: vitendawili, mashairi ya kuimbwa, hadithi zenye hadithi ndani yake kama ile ya punda wa dobi. Na ninamsomea kidogo kidogo kazi za Shaaban Robert, mtu wa kwetu, aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909. Tunasoma aya moja, tunasimama, ananiambia amesikia nini. Sentensi zake zina mizani, na mtoto mwenye sikio anaanza kuziiga katika insha bila kuambiwa.

Wazazi wananiuliza kwa nini fedha ya vitabu isiende kwenye hadithi za Kiingereza, kwani sekondari itakuwa Kiingereza mtupu. Nawajibu kwamba mtoto asiyejua kufuata kisa, kukisia kitakachotokea na kubishana na aliyeandika hatayaweza hayo kwa lugha ya kigeni. Wengine wanakubali, wengine wanaondoka hawajaridhika.

Ninachokikosa rafuni bado ni kimoja. Watoto wa kambi za mkonge, wenye miaka kumi na miwili na kumi na mitatu, wasomao kwa ngazi ya aya, hawana kitabu chenye maisha yao: safu za nyumba za kambi, korona, ile mashine inayosaga majani ya mkonge, babu aliyekuja na namba mkononi akakaa, chakula cha Kiha kinachopikwa kwa jirani Mmakonde. Nimewaomba darasa la sita waulize nyumbani na kuleta walichosikia. Karatasi zimeanza kuja, nyingine za mistari minne, nyingine za kurasa tatu kwa mwandiko wa mzazi. Likizo hii nitakaa nazo, niandike kila kisa kwa ngazi ya neno na ya aya, na muhula ukifunguliwa nitawapa wenyewe wakague kabla sijapiga pini.